Silent Majority ya Keyakizaka46: hakuna kundi la aidoli Japani lililoanza kwa singo kali kuliko hii. Anayebisha aje

Mzee wa Rewaindi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Jukwaa hili kila siku Korea, Korea, Korea. Leo naomba twende Japani kidogo, maana kuna wadau walishanichokoza kwenye uzi mwingine kwamba nimekuwa muumini wa Hirate, yule msichana wa mbele wa Keyakizaka46. Haya, leo nahubiri.

Madai yangu ni haya: katika makundi yote aliyoyaunda mzee Akimoto Yasushi, hakuna lililopiga hodi kwa kishindo kama Keyakizaka46. Singo yao ya kwanza, Silent Majority, ilitoka tarehe 6 Aprili 2016. Na naongeza la pili ambalo najua litawaudhi mashabiki wenzangu: wimbo huohuo ndio uliowamaliza.

Kwa wasiowajua, haraka haraka. Aidoli ni wasanii vijana wa kuimba na kucheza, wanaokusanywa na kuuzwa na kampuni. Akimoto ndiye mtayarishaji na mwandishi wa mashairi wa AKB48, wale walioanza mwaka 2005 kwenye ukumbi mdogo wa Akihabara, Tokyo. Mwaka 2011 akaanzisha Nogizaka46 kama mpinzani rasmi wa AKB48. Namba imepungua kwa makusudi, kwamba sisi ni wachache lakini hamtuwezi. Agosti 2015 wakachaguliwa wadogo wa Nogizaka. Mradi ulikuwa ukiitwa Toriizaka46, na siku hiyohiyo ya kutangaza waliopita usaili likabadilishwa jina: Keyakizaka, barabara iliyopo pale Roppongi, Tokyo.

Sasa wimbo wenyewe. Mtu aliyezoea aidoli anajua singo ya kwanza huwa ya namna gani. Aitakatta ya AKB48 (2006), yao ya kwanza chini ya lebo kubwa, ni furaha ya kukimbilia kumwona umpendaye. Guruguru Curtain ya Nogizaka (2012) ni wasichana waliojifunika pazia la darasa wakinong'onezana siri. Vitu vitamu, sina ugomvi navyo. Halafu Machi 2016 inatupwa YouTube video ya Keyakizaka, wiki kadhaa kabla ya CD. Usiku. Eneo la ujenzi katikati ya Shibuya, Tokyo. Wasichana 20 wamevaa sare za kijani za mtindo wa kijeshi, na hakuna hata mmoja anayecheka.

Hakuna anayecheka! Kwa aidoli wa Kijapani tabasamu ndiyo kazi yenyewe.

Halafu mbele kabisa yupo Hirate Yurina, miaka 14, mdogo kuliko wenzake wote, nywele fupi, uso umekaza. Yeye ndiye senta, yaani anayesimama mbele katikati, kamera inamfuata yeye na lawama zinamfuata yeye. Kuna sehemu safu ya wasichana inapasuka, wengine kushoto, wengine kulia, naye anapita katikati kuja mbele akiikodolea macho kamera. Mashabiki wa Japani wanaiita sehemu hiyo Musa, kwa ajili ya Bahari ya Shamu. Mpangaji wa dansi ni TAKAHIRO, jamaa aliyewahi kucheza jukwaani na Madonna. Ukiangalia miguu utaona hatua nyingi si ngumu hata kidogo: kutembea, kusimama, kugeuka kwa pamoja. Ugumu wote uko kwenye kukaza uso na kushika nafasi.

Tuje kwenye mashairi. Yanamtaja rais wa nchi fulani aliyesema kwamba wasiopaza sauti wamekubali. Jina halipo, lakini anayejua historia anamwona Richard Nixon, ambaye tarehe 3 Novemba 1969 alitokea kwenye televisheni akiwaomba Wamarekani wengi walio kimya wamuunge mkono kuhusu vita vya Vietnam. Na mwandishi mwenyewe ameweka kwenye mabano kwamba maneno ya rais hapo yamepindishwa. Mzee anajua anachokifanya. Nixon aliwabembeleza walio kimya. Huyu anawageukia walewale na kuwaambia: endeleeni kunyamaza, mtahesabiwa kuwa mmeridhia. Kisha kibwagizo kinalipuka: unao uhuru wa kuishi ulivyo, usikubali watu wazima wakutawale.

Na angalieni muda wenyewe. Kiangazi cha 2015 wanafunzi wa Japani walikuwa mbele ya Bunge wakipinga sheria mpya za usalama. Mwaka huohuo umri wa kupiga kura ukapitishwa ushuke kutoka miaka 20 hadi 18, na Julai 2016 vijana wa miaka 18 wakapiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza. Sisemi Akimoto aliandika kwa ajili hiyo. Ila wimbo uliwakuta vijana mezani, mjadala umeshapamba moto.

Hata pale walipopiga video napapenda. Ni ilipopita reli ya Toyoko kabla haijahamishiwa chini ya ardhi mwaka 2013. Leo pamesimama jengo la Shibuya Stream, lililofunguliwa 2018. Kwa hiyo hata mtu akitaka kuirudia ile video fremu kwa fremu, hana pa kuipigia.

Kwa nini nasema uliwamaliza? Kwa sababu baada ya hapo kila singo ilidai uso uleule. Hirate akawekwa katikati mara nane, singo zote nane za CD za kundi, na kila mara alitakiwa aonekane ameumia zaidi ya mara iliyopita. Wenzake, na walikuwemo wenye vipaji kwelikweli, wakabaki kuwa ukuta wa nyuma. Ukishajitambulisha kwa watu kwamba wewe ni yule asiyecheka, siku ukicheka wanadai hela yao.

Nawasikiliza.

---

Pilipili Kichaa

Mkuu umeandika vizuri ila unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wasichana 20, sare moja, mkono unapanda sekunde moja, unashuka sekunde moja, halafu ndio wanatuambia tusifuate mkumbo? Hiyo ni halaiki, mkuu. Halaiki ya Uwanja wa Uhuru kabisa, imekosa mwenge tu.

Na aliyeandika kwamba usitawaliwe na watu wazima ni mtu mzima aliyekuwa akikaribia miaka 60, ambaye yeye na kampuni ndio wanaoamua nani asimame mbele na nani afichwe nyuma. Singo moja inatolewa kwa matoleo manne, kila moja na nyimbo zake za ziada, ili shabiki anunue zote. Ndani ya CD ulikuwa unakuta tiketi ya kwenda kumshika mkono msichana kwa sekunde chache. Huo uasi una risiti.

---

Mzee wa Rewaindi

Pilipili, karibu, nilijua utafika mapema.

Hilo la halaiki nalipokea kwa mikono miwili, maana ndilo hasa ninalolipenda. Wimbo huu ungeimbwa na bendi ya roki, wanaume wenye tatoo na magitaa, ungekuwa wimbo wa kawaida wa kulalamikia wakubwa. Umekuwa na nguvu kwa sababu wanaouimba ndio hasa wanaoambiwa. Wanaimba usitawaliwe huku wametawaliwa mpaka vidole, na yule mtoto wa mbele anakutazama kwa namna ambayo huwezi kusema halijui hilo. Toa sare, toa hatua za pamoja, inabaki hotuba.

Kuhusu biashara, sikatai. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala kama 262,000, wakashika namba moja kwenye chati ya Oricon na kuweka rekodi ya singo ya kwanza kwa wasanii wa kike Japani. Rekodi hiyo ilikuwa ya HKT48, ndugu wa AKB48, tangu 2013, nakala kama 250,000. Tiketi za mikono zimo humo, na HKT48 nao walikuwa nazo. Lakini video YouTube haina tiketi ya kumshika mtu mkono, na imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Mwisho wa 2016 wakaitwa kwenye Kohaku, lile tamasha la NHK la mkesha wa mwaka mpya, wakaimba huohuo. Bibi wa kijijini Japani ambaye hajawahi kununua CD ya aidoli aliwaona.

---

Samawati

Kaka Rewaindi, shikamoo kwa mahubiri, ila hiyo rekodi mbona umeisimulia nusu? Ilivunjwa, tena na ndugu zao wa nyumba moja. Kyun ya Hinatazaka46, tarehe 27 Machi 2019, nakala kama 476,000 wiki ya kwanza. Hao ndio waliokuwa wakiitwa Hiragana Keyaki, kundi lililowekwa chini ya kivuli cha hao mashujaa wako. Wengi wao walikaa karibu miaka mitatu bila singo yao wenyewe, wanabebwa tu kwenye CD za wengine.

Halafu walipopewa nafasi, walikuja na nini? Na kinyongo? Walikuja na wimbo wa kijana aliyependa ghafla, na ishara ya vidole ambayo Japani nzima ikaicheza TikTok. Watu waliokuwa na kila sababu ya kununa wakachagua kuchangamka. Mimi naona huo ndio ukaidi. Kununa kila mtu anaweza.

Na hilo la mtoto wa miaka 14 msilipitie juu juu. Kohaku ya 2017 wamecheza wimbo wao wa Fukyouwaon, wasichana watatu, Hirate akiwemo, wakapata shida ya kupumua mbele ya taifa zima. Mashabiki walikuwa wanasema ah, sanaa, sanaa. Sanaa gani hiyo? Yule ni mtoto wa mtu.

---

Mzee wa Rewaindi

Dada Samawati, hapo kwenye mtoto wa mtu tuko pamoja, ndiyo maana nikasema uliwamaliza. Hirate alipoondoka, Januari 2020, hakukuwa na tamasha la kuhitimu, yaani la kuaga kundi, lenye gauni na maua kama ilivyo ada ya aidoli. Lilitoka tangazo tu kwamba ameondoka. Miezi tisa baadaye, Oktoba 12 na 13, kundi likafanya onesho la mwisho kwenye ukumbi wa Yoyogi, Tokyo, bila mtazamaji hata mmoja ukumbini, kwa sababu ya korona, na tarehe 14 wakawa Sakurazaka46. Jina lilibidi lizikwe, maana lilikuwa limeshakuwa la mtu mmoja.

Ila Kyun kuizidi Silent Majority, hapana dada yangu. Kyun ni wimbo mzuri uliotolewa na kundi ambalo watu walishalipenda. Hao wasichana 2019 walikuwa wameshajaza kumbi kubwa kwa jina la zamani. Keyakizaka walikuja mikono mitupu, kundi halina hata mwaka. Halafu Kyun inaweza kuimbwa na kundi lolote changamfu. Wape AKB48 Silent Majority uone itakavyokuwa.

---

Fundi Mitambo

Naingia kama mtu wa studio, siasa nawaachia.

Sikilizeni wanavyoimba: sauti zote pamoja, nota moja, hakuna sauti ya pili ya kupamba. Aidoli wengi wa Kijapani wanaimba hivyo, na mara nyingi ni ujanja wa kuficha kwamba nusu yao hawawezi kushika nota. Hapa ujanja umegeuka kuwa maana. Kundi la watu linasema jambo moja kwa sauti moja, huwezi kumchomoa mmoja ukamlaumu. Beti ziko chini, karibu na sauti ya kuongea, kwa hiyo hakuna anayepiga kelele za kitoto zile tulizozizoea. Gitaa kavu, ngoma ya mwendo wa gwaride, halafu kibwagizo kinapanda na kila kitu kinafunguka. Ujenzi wa kawaida sana, umefanywa kwa nidhamu.

Ninachokilalamikia ni mchanganyo. Kwenye kibwagizo ala zimejazwa mpaka sauti za watoto zimesukumwa nyuma. Kwa wimbo unaohusu kupaza sauti, mimi ningepunguza sinthesaiza na kuwaacha wasikike.

---

Mgeni Njoo

Wakuu mimi ni mtu wa K-pop, hawa siwajui kabisa. Nimetoka kuiangalia video sasa hivi, kwa kweli nimesisimka. Ila mbona kuimba kwao ni kwa kawaida tu? Na nikitaka kuendelea nianzie wapi?

---

Mzee wa Rewaindi

Mgeni Njoo, karibu ndani. Ukiwapima kwa kipimo cha Korea utakata tamaa. Korea msanii anafungiwa mazoezini miaka, anatoka amekamilika. Japani aidoli anatolewa akiwa bado mbichi, na shabiki analipa ili amwone akiiva. Ni biashara mbili tofauti, hata kama zote zina sketi na taa.

Usikimbilie singo ya pili. Malizia kwanza nyimbo za upande wa pili za hiyohiyo, yaani zile zinazoambatana na wimbo mkuu kwenye CD, maana watu wengi wanaishia kwenye video na wanaacha uhondo. Anza na Te wo Tsunaide Kaerou ka. Huo ni wimbo wa maigizo, wanacheza kama tamthilia ya muziki, wapenzi wamegombana na sasa ni suala la kushikana mikono warudi nyumbani. Wanachekacheka, wanaigiza, kila mmoja unamwona. Mashabiki wa zamani waliokuwa wakienda maonesho wanaupenda kuliko hata Silent Majority yenyewe. Mimi kila nikiusikia najiuliza lile kundi jingine lilikwenda wapi. Lilikuwepo, kwenye CD hiyohiyo, na likasahauliwa kwa sababu uso wa Hirate uliuza zaidi.

Kisha Shibuyagawa, wasichana wawili wote jina Yui, Imaizumi na Kobayashi, gitaa na sauti mbili. Mto wa Shibuya umefunikwa na jiji, unapita chini ya lami na majengo, na unaanza kuonekana tena kusini mwa stesheni, palepale jirani na walipopigia ile video. Sijui kama waliopanga walikusudia, ila mimi nauona ni wimbo uliolala chini ya ule mkubwa.

Halafu Norikoshi Eki, ya Nagahama Neru peke yake. Huyu kisa chake kinajulikana. Alifika hatua ya mwisho ya usaili, mama yake akasafiri kutoka Nagasaki akaja kumrudisha nyumbani kabla hajaingia ukumbini. Baadaye wazazi wakaenda kutazama onesho la Nogizaka, wakalegeza. Akaingizwa Novemba 2015, wenzake wameshaanza, na hilo Hiragana Keyaki la dada Samawati likaanzishwa kwa ajili yake. Kwenye Silent Majority hayumo. Wimbo aliopewa unahusu mtu aliyepitilizwa na treni kituo chake. Kampuni haikuwa na haya, ila wimbo ni mtamu.

Yamanote-sen, ya Hirate peke yake, nayo ina ladha ya nyimbo za Kijapani za zamani, ila mimi huwa nairuka.

---

Pilipili Kichaa

Mbona mmeiruka ile ya Oktoba 2016? Miezi sita baada ya hiyo singo, kwenye onesho la Halloween kule Yokohama, wakavalishwa mavazi meusi na kofia zilizofanana na za Manazi. Kituo cha Simon Wiesenthal, kinachopinga chuki dhidi ya Wayahudi, kikalalamika, Sony Music na Akimoto wakaomba radhi. Hao ndio walimu wa uhuru?

---

Mzee wa Rewaindi

Sijairuka, nilikuwa nakusubiri wewe.

Aibu ile ilikuwa ya watu wazima waliochora, waliokagua na waliopitisha yale mavazi, si ya watoto waliovalishwa. Na tazama ilivyotokea: mtu aliona sare za kijani zimependwa, akasema tuongeze ukali kidogo, bila kujiuliza ukali huo una historia gani. Walipenda sura ya wimbo wakasahau unasema nini. Watu wazima wakawaambia vaeni hiki, wakavaa. Sihitaji kuongeza neno, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho umeshalisema.

Ila singo siiondolei alama kwa kosa la Oktoba. Naihukumu kwa kilichomo ndani yake, Aprili.

---

Fundi Mitambo

Mkuu umesahau kuzitaja Sakurazaka. Nobody's Fault, Desemba 2020, Morita Hikaru katikati. Nayo ni singo ya kwanza, kwa jina jipya. Kwa upande wa muziki mimi naiweka juu. Besi imesimama, na sauti zimeachiwa nafasi.

---

Mzee wa Rewaindi

Fundi, naipa nafasi ya pili, juu ya Kyun, samahani dada. Lakini ile ni jibu. Bila Silent Majority isingekuwa na cha kujibu.

---

Mgeni Njoo

Nimemaliza Te wo Tsunaide. Jamani huu mbona haukupewa video?? Nimeurudia, bando linalia.

---

Samawati

Karibu kwenye upande wetu, mgeni. Huyo Kaka Rewaindi anasema amependa halaiki, kumbe moyo wake uko kwa wanaocheka, nimemsoma pale kwenye nyimbo za upande wa pili.

Nafasi ya tatu sikubali. Kesho nafungua uzi wa Kyun. Pilipili usikose, uje na mwenge wako.